Mpangilio wa Mapigo: Kwa Nini Mlio wa Injini Fulani Hutugeuza Shingo

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, mafundi, na ninyi vijana mnaojifunza ufundi wa magari, nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kusimama mbele yenu.

Gari linakuja nyuma yako. Hujageuka, hujaliona, lakini tayari unajua ni gari la namna gani. Mengi yanapita na wala huyajali. Halafu linapita moja, na watu wote waliosimama kando ya barabara wanageuza shingo, hata wale wasiojua lolote kuhusu magari. Kwa nini lile na si mengine? Nikiuliza swali hili darasani, jibu ninalopewa mara nyingi ni kwamba lile gari lina injini kubwa, au ekzosi yake imefunguliwa. Jibu hilo silikubali. Ipo mitambo mikubwa yenye kelele ya kupasua masikio ambayo hakuna anayetamani kuisikia mara ya pili. Kinachotukamata ni mpangilio: mapigo ya injini yamepishana vipi, yanakutana wapi, na yanalifikia sikio yakiwa bado na umbo lake au yameshavurugwa njiani. Huo ndio msimamo wangu, na nitautetea kwa hesabu na kwa mikono yenu wenyewe.

Tuanzie pale sauti inapozaliwa. Wengi hudhani kwamba tunachosikia ni mafuta yakiwaka ndani ya silinda. Kwenye injini ya petroli, ni sehemu ndogo tu ya sauti inayotoka hapo, ikipenya kwenye chuma. Sauti kubwa huzaliwa baadaye kidogo, valvu ya kutolea moshi inapofunguka. Wakati huo gesi iliyomo ndani bado ina shinikizo kubwa kuliko la hewa ya nje, tena mara kadhaa, kwa hiyo inachomoka ghafla na kusukuma wimbi ndani ya bomba. Wimbi hilo hukimbia kwenye gesi ya moto kwa zaidi ya mita 500 kwa sekunde, wakati kwenye hewa ya kawaida sauti huenda mita 340 hivi. Kila silinda hutoa pigo moja la namna hiyo katika kila mizunguko miwili ya krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, kwa sababu kazi yake ina hatua nne: kuvuta hewa, kuibana, kuwaka, na kutoa moshi.

Kwa hiyo hesabu ni nyepesi. Injini ya silinda 4 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, krenki yake inazunguka mara 100 kwa sekunde, na mapigo yanayotoka ni 200 kwa sekunde. Ya silinda 6 kwa kasi hiyohiyo inatoa mapigo 300, ya silinda 8 inatoa 400, ya silinda 12 inatoa 600. Mapigo yakiwa machache, sikio huyasikia moja moja. Yakifika 20 hivi kwa sekunde yanaanza kuungana na kuwa sauti moja yenye kimo. Ndiyo maana injini ya silinda 4 inayozunguka taratibu, mara 600 kwa dakika, imekaa mpakani kabisa: unaisikia nusu kama mapigo, nusu kama mvumo. Kanyaga mafuta kidogo tu, mapigo yote yanageuka nota.

Na nota hizo zina undugu unaonifurahisha kila ninapoufikiria. Chukueni injini tatu, ya silinda 4, ya silinda 5 na ya silinda 6, zote zizunguke mara 3,300 kwa dakika. Ya kwanza itatoa mapigo 110 kwa sekunde, ya pili 137.5, ya tatu 165. Uwiano wake ni 4 kwa 5 kwa 6. Wale mnaoimba kwa solfa mtautambua papo hapo: hizo ni do, mi, so. Hakuna mhandisi aliyekaa chini akapanga iwe hivyo. Imejipanga yenyewe, kwa sababu masikio yetu hupenda uwiano wa namba ndogo, na idadi ya silinda ni namba ndogo.

Hapo katikati, kwenye mi, ndipo penye injini ambayo mashabiki wengi wa mbio za rali wataitaja kabla hujamaliza kuwauliza. Audi ilileta injini ya petroli ya silinda 5 kwenye Audi 100 mwaka 1976, na mwaka 1980 ikaiweka, safari hii ikiwa na turbo, feni inayozungushwa na moshi ili kusukuma hewa zaidi ndani ya injini, kwenye gari la quattro lililoonyeshwa Geneva. Gawanyeni nyuzi 720 za mizunguko miwili kwa 5, mnapata 144. Maana yake katika mzunguko mmoja wa krenki kuna mapigo mawili na nusu. Pigo haliangukii mahali palepale pa krenki kama lilivyoangukia mzunguko uliotangulia. Linajirudi baada ya mizunguko miwili kamili. Juu ya hilo, mpangilio wa kuwaka ni 1-2-4-5-3, kwa hiyo moto unarukia mara silinda jirani, mara silinda ya mbali. Matokeo yake ni mlio wenye mtikisiko ndani yake, usiotulia kama wa silinda 6 wala usio mkavu kama wa silinda 4. Ukiusikia mara moja hutauchanganya na mwingine.

Sasa naomba mikono yenu. Wekeni viganja vyote viwili juu ya meza.

Tunaichukua injini ya V8, yaani ya silinda 8 zilizopangwa pande mbili kama herufi V, ya Chevrolet iliyotoka mwaka 1955, ile ndogo iliyokuja kuwa maarufu kuliko zote nchini Marekani. Silinda za namba witiri ziko upande wa kushoto, za namba shufwa ziko upande wa kulia. Mpangilio wake wa kuwaka ni 1-8-4-3-6-5-7-2. Krenki inapozunguka nyuzi 90, silinda moja inawaka, kwa hiyo nafasi kati ya pigo na pigo ni sawa kabisa. Tafsirini namba hizo kuwa mikono: kushoto, kulia, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kushoto, kulia. Pigeni taratibu, pamoja nami. Tena. Msikimbie. Kushoto, kulia, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kushoto, kulia.

Vizuri. Ukumbi mzima ulisikika kama mapigo yaliyonyooka, sivyo? Sasa endeleeni vilevile, ila mkono wa kulia usiguse meza, upige hewani. Sikilizeni kinachobaki. Pa, kimya, kimya, pa, kimya, pa-pa, kimya. Hicho ndicho kinachotoka kwenye bomba la upande wa kushoto. Nafasi kati ya mapigo ni nyuzi 270, halafu 180, halafu 90, halafu 180. Bomba la kulia nalo lina mchanganyiko wake, unaojaza pale kushoto palipokaa kimya. Injini ikizunguka mara 700 kwa dakika, mzunguko huo mzima wa mapigo manane unajirudia karibu mara 6 kila sekunde, na ndio ule mguno wa kudundadunda tunaoujua hata tukiwa ndani ya nyumba na gari likiwa nje.

Nataka mlione vizuri jambo hili, kwa sababu ndilo kiini cha mazungumzo yangu. Ndani ya injini kila kitu kimelingana. Kinacholeta ladha ni kwamba kila upande una bomba lake, na kwenye bomba hilo mapigo hayalingani. Ukiyaunganisha mabomba yote mawili mapema na kwa urefu uliopimwa, ule mdundo unapungua sana. Mafundi wa mbio wa miaka ya 1960 walilijua hilo. Kwenye baadhi ya magari ya Ford GT40 walivusha mabomba kutoka upande mmoja hadi mwingine, yakapindana, ili mapigo yafike kwenye makutano yakiwa na nafasi sawa. Walikuwa wanatafuta nguvu. Mlio nao ukabadilika: ukawa mkali, wa juu, haufanani kabisa na V8 ya kawaida ya Kimarekani.

Chanzo cha mdundo huo ni umbo la krenki. Ukiitazama kwa mbele, pini zake, yaani pale mikono ya pistoni inaposhikiliwa, zimekaa kwa nyuzi 90, unaona msalaba. Cadillac ilianza kuitumia krenki ya namna hiyo kwenye magari yake mwaka 1923, na sababu yake ilikuwa mtetemeko tu. V8 za kwanza zilikuwa na krenki bapa, pini zote kwenye mstari mmoja, na zilitikisa gari. Msalaba ukaondoa mtikisiko, na kama zawadi ambayo hakuna aliyeiomba, ukatupa mlio ambao leo watu wanatumia fedha nyingi kuutafuta.

Krenki bapa haikufa, na nisingependa ife. Turudi kwenye meza: kushoto, kulia, kushoto, kulia, mpaka mwisho. Ukiondoa mkono mmoja, uliobaki unapiga kwa nafasi zilizo sawa. Kila upande ni kama injini ya silinda 4 inayojitegemea, na mbili hizo zinapokezana. Ferrari imeishikilia njia hiyo kwa miongo mingi. 458 Italia ya mwaka 2009, V8 ya lita 4.5, inafika mizunguko 9,000 kwa dakika, na hapo mapigo ni 600 kwa sekunde. Hakuna mguno tena. Ni sauti iliyonyooka inayopanda kama inakatwa kwa wembe.

Na kuna ushahidi mwingine unaonisaidia hoja yangu, ingawa ni wa pikipiki. Mwaka 2009 Yamaha ilibadilisha krenki ya R1, pikipiki ya silinda 4, ikaiwekea pini za msalaba. Nafasi za mapigo yake ni 270, 180, 90, 180. Mnazikumbuka? Ni zilezile za mkono wenu wa kushoto. Pikipiki hiyo ina lita 1 tu na silinda nusu ya zile za V8, lakini mlio wake una mdundo uleule, ukiwa umepandishwa juu. Ukubwa wa injini haukuhusika. Mpangilio ndio uliohusika.

Subaru nitaitaja kwa ufupi, maana hapo hesabu ya krenki haitoshi. Injini yake ya boksa, ambayo silinda zake zimelala kulia na kushoto, ya silinda 4, huwaka kila nyuzi 180, sawasawa kama injini nyingine yoyote ya silinda 4. Ule mguno wake wa kudunda ulitokana na mabomba yasiyolingana urefu: mapigo ya upande mmoja yalisafiri njia ndefu kuliko ya upande wa pili kabla ya kukutana. Mafundi walipoweka mabomba yaliyolingana, mdundo ulitoweka. Wapo waliofurahi kwa sababu turbo ilifanya kazi vizuri zaidi, na wapo waliorudisha mabomba ya zamani. Nawaelewa wote.

Tukipanda kwenda silinda 10 na 12 tunaingia nyumba nyingine. V12 ni injini mbili za silinda 6 zilizounganishwa. Kila upande hutoa mapigo 3 kwa mzunguko, zote pamoja 6, kwa hiyo sikio linasikia nota moja na mwenzake wa oktava ya juu, yaani yenye mapigo mara mbili. Hakuna mgongano ndani yake. Ferrari ya kwanza kabisa kubeba jina hilo, 125 S ya mwaka 1947, ilikuwa na V12 ya lita 1.5 tu iliyobuniwa na Gioacchino Colombo. Silinda kumi na mbili kwenye lita moja na nusu! Kila silinda ilikuwa na ujazo wa karibu sentimita za ujazo 125. Vipande vidogo vinaweza kukimbia sana bila kuvunjika, na kasi ndiyo inayopandisha nota.

Lakini nikiambiwa nichague gari moja la barabarani ambalo waliolitengeneza waliichukulia sauti kwa uzito uleule wa breki na usukani, nitataja Lexus LFA. Yalitengenezwa magari 500 tu, kati ya mwaka 2010 na 2012. Injini yake ni V10 ya lita 4.8, na Yamaha ilishiriki katika kuiunda na kuirekebisha sauti yake. Pande mbili zake zina pembe ya nyuzi 72, ambayo ndiyo inayofanya mapigo kumi yalingane. Kwa mizunguko 9,000 inatoa mapigo 750 kwa sekunde, na kila upande peke yake 375, oktava moja chini. Ikikanyagwa mafuta bila gia, hupanda kutoka mwendo wa chini kabisa hadi 9,000 kwa sekunde 0.6. Mshale wa kawaida haukuweza kufuata, ikabidi waweke kioo cha kidijitali kuonyesha mizunguko.

Tukae kidogo kwenye hiyo 0.6. Uzuri wa mlio haupimwi gari likiwa limetulia kwenye kasi moja. Unapimwa pale mguu unapogusa pedali na sauti ikajibu. Ikichelewa, hata kama nota yake ni tamu, unahisi kuna mtu katikati yako na mashine. Ikijibu palepale, mwili wako unaamini kwamba ni wewe unayepandisha sauti hiyo. Pistoni nyepesi, gurudumu jepesi la krenki, njia fupi ya hewa, vyote hivyo ni ufundi wa nguvu, na vyote huishia sikioni.

Sasa tuliulize sikio lenyewe. Hermann von Helmholtz, mwaka 1863, alieleza kwamba nota mbili zilizokaribiana sana hutikisana na kuleta hali ya kukwaruza. Baadaye wataalamu wa usikivu, akiwemo Eberhard Zwicker wa Ujerumani, waliupima mkwaruzo huo na kuupa kipimo, aspa. Mkwaruzo unakuwa mkali zaidi pale sauti inapopanda na kushuka karibu mara 70 kwa sekunde. Ikitikisika polepole zaidi tunasikia mdundo, ikitikisika haraka zaidi tunasikia nota nyingine. Injini yenye mapigo yasiyolingana kwenye bomba, kama V8 ya msalaba, inapita katika eneo hilo la mkwaruzo kila inapopandishwa kasi. Ndiyo maana tunaiita ya kiume, ya ubabe, ya simba. V12 haina mkwaruzo mwingi, tunaiita laini. Na naamini kabisa kwamba sikio linataka vyote viwili: mpangilio unaotabirika, na doa dogo ndani yake linalosema kuna chuma na moto mle. Ukiondoa doa lote unabaki na mvumo wa feni. Ukizidisha doa unabaki na mashine ya kusagia kokoto.

Jambo la pili kuhusu sikio: husikia vizuri zaidi sauti zenye mitikisiko kati ya 2,000 na 5,000 kwa sekunde. Injini za V10 za lita 3 za Formula 1, zilizotumika hadi mwaka 2005, zilikuwa zinafika mizunguko 19,000 kwa dakika. Pigeni hesabu: mapigo zaidi ya 1,580 kwa sekunde, na oktava yake ya juu zaidi ya 3,160. Oktava hiyo inatua katikati ya eneo ambalo sikio haliwezi kulikwepa. Watu waliokuwa pembeni mwa njia hawakuhitaji kuelezwa.

Mwaka 2014 mbio hizo zilihamia V6 ya lita 1.6 yenye turbo na mfumo wa umeme. Mashabiki walilalamika tangu mbio ya kwanza, Melbourne. Tuutazame ufundi bila hasira. Madereva wenyewe kwa kawaida hawakuvuka sana mizunguko 12,000, kwa sababu kanuni ilipima kiasi cha mafuta yanayoingia. Hapo mapigo ni 600 kwa sekunde. Kisha kila pigo linapita kwenye feni ya turbo, ambayo kazi yake ni kunyonya nguvu ya pigo hilohilo. Mwezi Mei mwaka huo Mercedes ilijaribu Barcelona bomba lenye mdomo uliopanuka mithili ya tarumbeta. Halikusaidia. Mwaka 2016 kanuni ikataka moshi unaoruka turbo upewe bomba lake peke yake, na sauti ikaongezeka kiasi. Mimi naziheshimu injini zile, zimeyatumia mafuta kwa ufanisi ambao zamani ungeonekana ndoto. Ila nguvu iliyochukuliwa na turbo haiwezi tena kufika sikioni.

Mazda nayo ilitupa kitu cha peke yake. Gari la 787B lililoshinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1991 lilikuwa na injini ya rota nne, vipande vya pembetatu vinavyozunguka badala ya pistoni. Kila rota huwaka mara moja kwa kila mzunguko wa shafti, kwa hiyo rota nne kwa mizunguko 9,000 hutoa mapigo 600 kwa sekunde. Na rota haina valvu ya kufunguka taratibu. Ukingo wake unapita kwenye tundu la moshi na kulifungua ghafla. Pigo linatoka likiwa na ncha kali. Ndiyo sababu mlio ule unachoma, hata kwenye rekodi mbovu.

Tumezungumza sana juu ya moshi unaotoka, na tumeisahau hewa inayoingia. Hili huwa naliona hata kwa mafundi wazuri: wanabadilisha ekzosi tu, mbele hawagusi. Upande wa kuvutia hewa una sauti yake, ya kifua, ambayo husikika pale tu unapokanyaga. Kwenye BMW M3 CSL ya mwaka 2003, yenye silinda 6 za mstari, waliweka kisanduku cha hewa cha nyuzi za kaboni, na dereva akikanyaga mafuta yote injini inanguruma mbele yake badala ya nyuma. Alfa Romeo nao walikuwa na V6 iliyobuniwa na Giuseppe Busso, iliyoanza kuuzwa mwaka 1979, ambayo baadaye ilipata mabomba sita ya hewa yaliyong'arishwa, yakapinda juu ya injini kana kwamba yametengenezwa yatazamwe. Uzalishaji wake ulikoma mwishoni mwa mwaka 2005. Busso mwenyewe alifariki siku chache tu baadaye, mwanzoni mwa Januari 2006. Kila ninapofungua boneti ya gari lenye injini ile namkumbuka.

Dizeli hupata lawama, na sababu yake inajulikana. Mafuta hunyunyizwa kwenye hewa iliyobanwa ikawa moto, yanachelewa kidogo, kisha yanawaka karibu yote kwa mkupuo. Shinikizo linaruka na chuma cha injini kinagonga. Hapa, tofauti na petroli, mwako wenyewe unasikika. Mfumo wa reli moja ya mafuta, yaani bomba moja la shinikizo kubwa linalolisha silinda zote, ulioingia kwenye magari madogo na Alfa Romeo 156 mwaka 1997, ulifungua njia ya kunyunyiza tone dogo kwanza kisha mengine, na kugonga kule kukapungua sana.

Sasa niseme na ninyi vijana, kwa upendo na bila kuzunguka. Kukata sailensa hakukupi mlio mzuri. Ndani ya sailensa kuna vyumba vinavyorudisha mawimbi ili yafutane, na kuna bomba lenye matundu lililozungushiwa nyuzi zinazomeza sauti za juu. Ukikata vyote unaongeza sauti zote kwa pamoja, nzuri na mbaya, pamoja na ule mvumo wa chini unaouma kichwa safari ikiwa ndefu. Ukitaka kurekebisha, anza na urefu wa mabomba na mahali yanapokutana. Sailensa iwe ya mwisho. Vilevile hii tabia ya kupanga kompyuta ya gari imwage mafuta kwenye ekzosi ili ipasuke kama risasi kila ukiachia pedali: mipasuko kidogo kwenye gari la mbio hutokea kwa sababu ya kazi, lakini hii ya kutengenezwa haina kazi yoyote, inaunguza kichujio cha moshi, na inawaamsha watoto usiku.

Sheria zimebana, na zitabana zaidi. Katika Umoja wa Ulaya kikomo cha magari mengi ya kawaida ya aina mpya kimefika desibeli 68 kuanzia mwaka 2024. Vichujio vya chembe kwenye magari ya petroli navyo vimeyafunika mapigo. Watengenezaji wakaona pengo, wakageukia spika. BMW M5 iliyotoka mwaka 2011 ilikuwa ikicheza sauti ya injini kupitia redio yake. Hapa ndipo ninapoweka mstari. LFA nayo iliingiza sauti ndani ya chumba cha abiria, lakini kwa njia za hewa zilizotoka kwenye injini yenyewe. Mlichosikia kilikuwa kimetokea kweli, wakati uleule, ndani ya chuma kile. Spika inayocheza kisichotokea inamnyima dereva habari. Injini ikianza kukosa silinda moja, fundi hujua kwa sikio kabla taa haijawaka. Spika haitamwambia.

Kwa magari ya umeme sina ugomvi. Sauti inayowekwa kwa ajili ya wanaotembea kwa miguu, ambayo Ulaya inatakiwa isikike gari likiwa chini ya kilomita 20 kwa saa, inaokoa maisha, hasa ya wasioona. Hyundai imekwenda mbali zaidi: Ioniq 5 N inaiga hata kubadilisha gia. Wanaoipenda waipende. Ningependa zaidi wahandisi wa mota wausikilize mlio wa mota zenyewe na wa meno ya gia zake, maana nao una mapigo, una uwiano, na bado hakuna aliyeukalia chini kwa bidii iliyotumika kwenye V10 ya LFA.

Nimeleta rekodi tatu, na sitawaambia ni magari gani. Chukueni kalamu. Kwanza sikilizeni injini kabla haijakanyagwa mafuta: mapigo yanafuatana sawasawa, au kuna pengo na pa-pa kama la mkono wenu wa kushoto? Pili, inapopandishwa, tafuteni kama kuna nota moja au mbili zinazokwenda pamoja. Tatu, sikilizeni upande gani unasikika zaidi, mbele au nyuma. Andikeni idadi ya silinda na aina ya krenki, kisha tubishane.

Hii ni ya kwanza.